Maisha ya Shekhe Abdallah Tarjumani na Neno la Parakleto

  

Anayetajwa katika kurasa hizi ni Shekhe Abdallah bin Abdallah, mzaliwa wa kisiwa cha Mallorca, aliyehamia Tunis akafa huko, akajulikana kwa lakabu ya Tarjumani, maana yake mkalimani. Wazazi wake walimpa jina la Anselm Turmeda. Alikuwa padre wa Kinasara mwenye elimu nyingi, akasilimu naye ni mtu mzima wa miaka 35. Na sababu ya kusilimu kwake, kwa khabari aliyoiandika mwenyewe katika uzee wake, ilikuwa ni neno moja la Kiyunani lililomo katika Injili ya Yohana.

Kisiwa cha Mallorca kimo katika bahari ya Rum, upande wa mashariki wa Hispania. Waislamu walikitawala zaidi ya miaka 300, wakakiita Mayurqa, na misikiti ikajengwa na wanavyuoni wakatoka humo. Mwaka 1229 Jaume wa Kwanza, mfalme wa Aragon, akakishinda, na adhana ikakoma. Anselm alizaliwa baada ya hayo kupita miaka 120 na zaidi, kiasi cha mwaka 1352 au mbele kidogo. Baba yake alikuwa mtu wa heshima katika mji, wala hakuwa na mtoto mwingine ila yeye. Ilhali ya kuwa mtoto wa pekee, baba hakumdekeza. Alipotimia miaka 6 alimpeleka kwa padre mwalimu amsomeshe Injili, na katika miaka 2 akahifadhi zaidi ya nusu yake. Mwalimu wa chuo yeyote ajuaye taabu ya kuhifadhisha watoto hatalidharau jambo hili. Baadaye akasoma lugha ya Injili na elimu ya mantiki miaka 6, khalafu akavuka bahari kwenda Lleida, mji wa elimu katika nchi ya Catalunya, ambao chuo chake kikuu kilianzishwa mwaka 1300. Huko akasoma elimu ya maumbile na ya nyota. Na katika nchi hiyo aliingia utawa wa watu wa Mtakatifu Fransisko, ndiyo maana katika karatasi za Kinasara ataitwa ndugu Anselm, kama watawa waitanavyo.

Kiu ya elimu haikumwacha. Akatoka tena akenda Bologna, nchi ya Italia, mji ambao wakati huo wanafunzi walikuwa wakiuendea kutoka pande zote za Ulaya. Akafikia kwa padre mzee aliyemtaja kwa jina la Nicolau Martel. Mzee huyu alikuwa mtu wa daraja kubwa mno. Maswali ya dini yalikuwa yakimjia kutoka nchi za mbali, hata kwa wafalme, na zawadi pamoja nayo, na watu wakiona ni baraka zikikubaliwa zawadi zao. Anselm akamtumikia miaka 10. Mzee akampenda hata akampa funguo za ghala zake zote za chakula na mali, asimzuilie ila ufunguo mmoja wa chumba kidogo alichokuwa akiingia peke yake.

Ikawa siku moja mzee ameugua, hakuweza kutoka darasani. Wanafunzi wakakaa wakimngoja, na katika kungoja wakazungumza mas-ala ya elimu, mpaka mazungumzo yakafika penye ile khabari ya Injili ya Yohana, kwamba baada ya Isa atakuja mwingine, naye anaitwa Parakleto. Wakaulizana, ni nani huyu? Kila mmoja akasema lake, sauti zikapanda, wakaondoka hawakupatana. Anselm aliporudi nyumbani, mzee kitandani akamwuliza walisoma nini siku ile naye hayuko. Akamsimulia khitilafu yao, kwamba fulani kajibu hivi na fulani hivi, na kwamba yeye mwenyewe amejibu kwa kauli ya mfasiri mmoja mashuhuri. Mzee akamwambia kwamba fulani amekosa, na fulani amekaribia, naye Anselm pia hakukosa sana, lakini haki haimo katika kauli yoyote waliyoitoa, kwani maana ya jina hilo tukufu hawaijui ila waliobobea katika elimu, nao ni wachache.

Hapa inafaa kulieleza neno lenyewe, ili msomaji ajue watu walikuwa wakigombania nini. Injili zilizopo ziliandikwa kwa Kiyunani, na katika Injili ya Yohana neno Parakleto limetajwa mara 4: mlango wa 14 mara mbili, wa 15 mara moja, na wa 16 mara moja. Limekuja tena mara moja katika waraka wa kwanza wa Yohana, mlango wa 2. Asili yake katika Kiyunani ni mtu aliyeitwa aje kusimama ubavuni mwa mwenziwe, kama aitwavyo mtu mbele ya kadhi amsemee aliyeshitakiwa. Wayahudi nao walilichukua katika lugha yao kwa maana hiyohiyo ya mtetezi. Hieronimo, aliyeitia Injili katika Kilatini mwisho wa karne ya 4, alifanya jambo la ajabu: katika waraka alilifasiri kwa maana ya wakili, na katika Injili akaliacha kama lilivyo, hakulifasiri. Basi wanafunzi wa Bologna walikuwa wakisoma neno la kigeni ndani ya kitabu cha Kilatini, na neno lisilofasiriwa lina mlango wazi, kila mtu huingia na rai yake. Hata wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 walifanya kama Hieronimo alivyotenganisha, katika Injili wakaandika Msaidizi, na katika waraka wakaandika Mwombezi, na neno ni lilelile.

Wakristo kwa jumla husema kwamba huyo Parakleto ni Roho Mtakatifu, na dalili yao ni kuwa mlango wa 14 wenyewe umelitaja jina la Roho pamoja na neno hili. Wanavyuoni wa Kiislamu tangu zamani waliyatazama maneno haya kwa jicho jingine. Ibn Is-haq, mwenye Sira, aliyefariki katika karne ya pili ya Hijra, aliitaja khabari hii kwa neno la Kisuryani Munahhamana, akasema ndiye Muhammad. Waliokuja baada yake waliliandika kwa herufi za Kiarabu, Faraqlit au Baraqlit, wakalinganisha sifa zilizotajwa pale, kwamba huyo ajaye hatasema kwa nafsi yake bali atasema aliyoyasikia, na sifa za Mtume aliyekuwa haneni ila kwa wahyi. Na msingi wao wote ni aya ya 6 ya Sura As-Saff, iliyoeleza kwamba Isa mwana wa Maryamu aliwabashiria Wana wa Israili Mtume atakayekuja nyuma yake, jina lake Ahmad.

Watu wengine wameongeza hoja, kwamba neno la asili lilikuwa Perikluto, ambalo katika Kiyunani ni mtu mwenye sifa zilizoenea, na hilo liko karibu sana na maana ya Ahmad. Neno hili ni la kweli katika Kiyunani, limo katika mashairi ya kale ya Homer. Na Mwingereza George Sale, aliyeitia Kurani katika Kiingereza mwaka 1734, aliitaja hoja hii. Lakini insafu yataka isemwe kwamba nakala za kale za Injili ya Yohana zilizokwisha kaguliwa zote zina Parakleto, wala haijaonekana hata moja yenye Perikluto. Katika Kiarabu na Kisuryani, ambako irabu haziandikwi zote, maneno mawili haya yangefanana kwa herufi. Katika Kiyunani irabu huandikwa, nayo yanatengana kwa herufi tatu. Mwenye kujadiliana na Wakristo asiifanye hoja hii kuwa fimbo yake, ataanguka nayo. Imani ya Mwislamu katika bishara ya Isa inatokana na Kurani, wala haingoji kupata nguvu kwa irabu za Kiyunani.

Yarudi mazungumzo kwa mzee wa Bologna. Anselm aliposikia kwamba mwalimu wake anaijua maana na anaificha, alimwinamia akaibusu miguu yake, akamkumbusha kwamba ametoka nchi ya mbali, na amemtumikia miaka 10, na amepata kwake elimu isiyohesabika, basi amtimizie ihsani kwa jambo hili. Mzee akalia. Akamwambia kwamba yeye ni mpenzi wake kweli, na kulijua jina hilo ni faida kubwa, lakini anachelea khabari ikitoka watu watamwua papo hapo. Anselm akamwapia kwamba hatatoa siri. Ndipo mzee akamwambia kwamba Parakleto ni jina katika majina ya Mtume wa Waislamu, Muhammad (S.A.W.), na kwamba dini yake ndiyo dini ya haki.

Anselm akamwuliza la kufanya. Akamwambia aingie katika Uislamu. Kijana hakutosheka, akauliza swali ambalo kila msomaji angeliuliza: na wewe, mwalimu, mbona umekaa? Jibu la mzee ni la kusikitisha, wala hakujipamba. Alisema kwamba Mwenyezi Mungu alimfunulia jambo hili naye amekwisha kuzeeka, mifupa imechoka, na kwamba mapenzi ya dunia yamemshinda, kwani anaiona heshima aliyo nayo kwa watu. Na lau angeonyesha hata kidogo, watu wote wangemwua. Na lau angeponyoka akafika kwa Waislamu, akawaambia amekuja kusilimu, wangemwambia kwamba amejinufaisha nafsi yake, wala hawadai kitu. Naye angebaki kati yao mzee wa miaka 90, fakiri, hajui lugha yao, wala wao hawaijui haki yake, afe kwa njaa. Khalafu akampa dinari 50 za dhahabu za njiani, akamwambia kwamba ikiwa khabari itatoka atamkana, na watu watamsadiki yeye. Mwanafunzi akaondoka na ufunguo wa maana, mwalimu akabaki na funguo za ghala.

Kutoka huko akarudi Mallorca kwa baba yake akakaa miezi 6, wala hakumwambia kitu. Ni mtoto wa pekee, na baba mzee, na anajua kwamba akiondoka mara hii hataonana naye tena. Yeye katika kitabu chake amelipita jambo hili kwa maneno machache. Akasafiri mpaka kisiwa cha Sicilia, akangoja miezi 5 apate jahazi la kwenda nchi ya Waislamu. Lilipopatikana wakang'oa nanga wakati wa magharibi, na mchana wa siku ya pili wakaingia bandari ya Tunis.

Mapadre na wafanya biashara wa Kinasara waliokuwa Tunis waliposikia kwamba mwanachuoni mkubwa amefika, walitoka na vipando kumpokea, akakaa kwao miezi 4 wakimkirimu. Ndipo alipouliza kama katika nyumba ya Sultani kuna mtu ajuaye lugha ya Kinasara, akaambiwa yuko Yusuf, tabibu wa Sultani. Akamwendea faraghani akamweleza shauri lake. Yusuf akafurahi, akapanda farasi wake, akampeleka mbele ya Sultani Abul Abbas Ahmad, wa ukoo wa Bani Hafs, aliyetawala tangu mwaka 1370 hata mwaka 1394. Sultani akamwuliza umri wake, akasema miaka 35; akamwuliza elimu aliyoisoma, akamtajia.

Kabla ya kusilimu kwa dhahiri, Anselm aliomba jambo moja. Alisema kwamba hakuna mtu atokaye katika dini ya wenziwe ila watu wake humzulia, basi Sultani awaite Wakristo wale na kuwauliza khabari zake naye hayupo machoni pao. Sultani akatambua kwamba ombi hili ni lile la Abdallah bin Salam alilomwomba Bwana Mtume siku aliyosilimu, alipotaka Mayahudi waulizwe juu yake kabla hawajajua. Wakaitwa. Wakasema kwamba yeye ni mwanachuoni mkubwa, na wazee wao hawajaona aliyempita kwa elimu na dini. Sultani akawauliza watasemaje akisilimu. Wakaomba Mungu awaepushe, kwamba hawezi kufanya hayo abadani. Hapo akatokezwa, akatamka shahada mbele yao. Wakajipiga alama ya msalaba nyusoni, wakasema kwamba hakumtoa katika dini ila tamaa ya kuoa, kwani mapadre hawaoi. Wakatoka wamejaa huzuni.

Neno hilo la kuoa limemfuata mpaka leo katika vitabu vya Wazungu. Ni kweli kwamba Sultani alimwoza binti wa Alhaji Muhammad Saffar, akampa dinari 100 za dhahabu na nguo za heshima usiku wa harusi, na posho ya robo dinari kila siku, na akazaliwa mtoto mwanamume wakamwita Muhammad. Lakini mtu mwenye daraja kama ile, katika zama zile ambazo Wakristo wenyewe tangu mwaka 1378 walikuwa na mapapa wawili wakilaaniana, hakukosa njia nyepesi zaidi za kujistarehesha kuliko kumwacha baba, na nchi, na lugha.

Miezi 5 baada ya kusilimu Sultani akamtia kazini forodhani, ili asikie wakalimani wakizungumza na Wakristo na Waarabu ajifunze Kiarabu. Katika mwaka mmoja akakijua, akawa yeye ndiye tarjumani. Mwaka 1390 merikebu za Genoa na majeshi ya Ufaransa, na amiri wao Louis wa Bourbon, zikauzingira mji wa Mahdia. Abdallah alikuwa katika kambi ya Sultani akifasiri barua. Maadui wakakaa kiasi cha miezi 2 wakarudi hawakuupata mji. Sultani alipofariki mwaka 796 wa Hijra, mwanawe Abu Faris Abdul Aziz akamwacha katika cheo chake na kumzidishia.

Katika zama za Abu Faris yalimpata majaribu. Merikebu za Sicilia ziliteka jahazi la Waislamu, zikaja mbele ya bandari kutaka fidia. Ndani yake mlikuwa na padre aliyekuwa rafiki wa Anselm zamani, akamwandikia barua ya siri, kumwita arudi, na kumwahidi cheo kwa mfalme wao. Barua ikaangukia mikono ya watu wa forodha, ikafika kwa Sultani. Sultani akaifasirisha kwanza kwa mtu mwingine, akaificha tafsiri, kisha akampa Abdallah mwenyewe aifasiri. Akaifasiri yote, hakupunguza hata neno moja katika yale yaliyomhusu. Sultani akalinganisha, akaona ni sawasawa. Mkalimani ambaye angeweza kuruka mstari mmoja kwa kujihifadhi, hakuuruka. Tangu hapo hakuna aliyemtilia shaka katika baraza.

Wakristo nao hawakukata tamaa naye. Mwaka 1412 Papa Benedict wa 13 alitoa waraka wa kumsamehe kama atarudi. Mwaka 1423 Alfonso wa Tano, mfalme wa Aragon, alimwandikia hati ya amani aweze kupita katika nchi zake na ahali yake, akamtaja kwa jina lake la Kiislamu na cheo chake cha ukaidi. Hakurudi.

Lakini hapana budi kutaja jambo lenye mashaka. Huko Tunis, Abdallah aliandika vitabu kwa lugha ya kwao, Kikatalani. Mwaka 1398 aliandika utenzi wa mawaidha, akijitaja kwa majina yake yote mawili, na ndani yake hakuna dalili ya mtu aliyetoka katika Ukristo. Watoto wa Catalunya walifundishwa kusoma kwa utenzi huo karne nyingi, hata chuoni kitabu kikaitwa kwa jina lake. Fikiri, msomaji: jina la mtu aliyesilimu likikaririwa na watoto wa Kinasara katika kusoma kwao kwa kwanza! Mwaka 1417 aliandika hadithi ya punda ajadilianaye na mtu, ni nani bora katika viumbe. Punda humshinda mtu katika kila hoja ila ya mwisho, nayo ni ile ya Wakristo kwamba Mungu alivaa mwili wa mtu. Mwaka 1914 Mhispania Miguel Asin Palacios alionyesha kwamba sehemu kubwa ya hadithi hiyo imetoka katika Rasaili za Ikhwan Safa, nazo ni za Kiarabu.

Wako wanaosema kwa ajili hii kwamba alikuwa na nyuso mbili. Huenda aliwaandikia watu wake kwa njia waliyoizoea, kwani wafanya biashara wa Mallorca walikuwa wakimjia forodhani na kumwomba mashairi. Na siri za moyo ni za Mola wake. Lililo dhahiri ni kuwa baada ya hadithi ya punda haikupita ila miaka 3, akaandika kwa Kiarabu, mwaka 823 wa Hijra, nao ni 1420, kitabu chake Tuhfat al-Arib. Humo akasimulia maisha yake, na khabari za Masultani wawili aliowatumikia, kisha akaipinga itikadi hiyohiyo ya Mungu kuvaa mwili, kwa elimu ya mtu aliyezihifadhi Injili utotoni. Na mwisho akalirudia lile neno la Parakleto, akalifasiri kuwa ni Ahmad, akaeleza kwamba ndilo lililokuwa sababu ya uwongofu wake.

Kitabu hicho kilienea sana baada yake. Kilitiwa katika Kituruki, na mwisho wa karne ya 19 kikatiwa katika Kifaransa, na mwaka 1971 Mhispania Mikel de Epalza akatoa chapa iliyosahihishwa pamoja na tafsiri ya Kihispania. Hadithi ya punda ilipigwa marufuku Hispania mwaka 1583, nakala zake za Kikatalani zikapotea, ikabaki kwa tafsiri ya Kifaransa iliyochapwa Lyon mwaka 1544.

Hati ya mwaka 1423 ndiyo ya mwisho kumtaja akiwa hai. Kaburi lake liko Tunis, katika soko la watengeneza matandiko ya farasi, karibu na Bab Manara, na watu wa mji walilizoea kwa jina la Sidi Tuhfa, kwa ajili ya kitabu chake.